Msiba Usio na Matanga: Yanayotupata Ndani ya Makumbusho ya Maafa

Mwishoni mwa Februari kikundi kimoja cha akina mama wa kuweka na kukopa wa Mtwara mjini kilikodi basi dogo, kikapita Masasi, Tunduru na Namtumbo mpaka Songea, kwenda kushuhudia kumbukizi ya mashujaa wa Vita vya Maji Maji inayofanyika huko kila mwaka. Walirudi na picha nyingi, lakini kilichozungumzwa majumbani kwa wiki nzima hakikuwa vita wala ngoma ya lizombe waliyoitazama, bali mwenendo wa wasafiri watatu. Wa kwanza, mama wa makamo asiye na nasaba na Mngoni yeyote, alilia kando ya kaburi la halaiki mpaka wenzake wakamshika mkono na kumtoa uwanjani. Wa pili alipita kila mahali akiwa mkavu, kisha akauliza chakula cha mchana kitaliwa saa ngapi. Wa tatu, binti wa mmoja wao, alicheka. Hakucheka kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alimsikia.

Hukumu zilitolewa haraka, nyingi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: wa kwanza anajifanya, wa pili ana moyo wa jiwe, wa tatu hakufundwa. Mabishano ya namna hii nimeyasikia zaidi ya mara moja. Yaliwahi kuzuka mtaani kwetu pia baada ya Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, kufika Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wetu, kwa sababu jirani mmoja aliitazama habari hiyo huku akifuta machozi na mwenzake akaizima televisheni akisema ni maneno matupu. Kwa maoni yangu hukumu zote tatu zimekosea, na kosa lenyewe linatokana na kutofahamu ni mahali pa aina gani wale akina mama walikuwa wameingia.

Tuanze na neno. Makumbusho limetokana na kitenzi kumbusha, yaani kumfanya mtu akumbuke. Ndani ya neno hilo hamna kabati la vioo, wala vitu vya kale, wala tiketi. Kuna mtu anayekumbushwa na jambo analokumbushwa. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku tunalitumia neno moja kwa mambo yanayotofautiana sana. Kuna makumbusho ya kuonyesha na kustaajabisha, kama yale ya Berlin ambako imesimamishwa mifupa mikubwa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, hapa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Mgeni huingia kule, hushangaa, hutoka. Kuna mnara wa kumbukumbu, ambao aghalabu ni nguzo au jiwe lenye maandishi, usioeleza mengi. Na kuna makumbusho ya maafa, ambayo yamejengwa mahususi kwa ajili ya watu waliouawa au kuteswa kwa wingi, mara nyingi palepale walipofia au walipozikwa. Makumbusho ya Maji Maji ya Songea yamo katika kundi hili la tatu, pamoja na yale ya Gisozi jijini Kigali, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na yale ya Hiroshima nchini Japani.

Utata unaanzia hapo. Makumbusho ya maafa ni darasa na ni makaburi, na yote mawili yako ndani ya ua mmoja. Darasani tunatakiwa kuuliza, kunyoosha mkono, kusoma maelezo, pengine kubishana na mwalimu kuhusu tarehe. Makaburini tunatakiwa kuinamisha kichwa na kunyamaza. Mgeni anapovuka lango anapewa amri mbili kwa wakati mmoja, na hakuna anayemwambia aanze na ipi.

Kabla ya kufika kwenye moyo, tuutazame mwili kidogo, maana watu wengi huona aibu kwa mambo ambayo mwili umeyafanya bila kuwauliza. Mtu anaposhtuka au anapopatwa na uchungu, sehemu ya neva inayojiendesha yenyewe, ileile inayoharakisha mapigo ya moyo tunapokoswa na bodaboda, huiamuru njia ya hewa kooni ibaki wazi ili pumzi iingie kwa wingi. Mtu huyo anapojaribu kumeza mate, misuli ya koo inavutana: mmoja unafunga, mwingine unafungua. Mvutano huo ndio tunaouita donge kooni. Kusisimka mwili ni misuli midogo iliyo chini ya kila unywele inayojikunja. Nazo njaa na uchovu unaomfanya mtu atafute mahali pa kukaa vina maelezo ya kawaida kabisa: kusimama, kutembea polepole na kusoma kwa muda mrefu kunachosha, na mtaalamu mmoja wa makumbusho wa Marekani, Benjamin Ives Gilman, aliandika juu ya uchovu huo tangu mwaka 1916. Ukiongeza uzito wa yanayosomwa, mwili unadai chakula kama unavyodai baada ya kulima. Kwa hiyo yule mama aliyeuliza saa ya kula hakuwa amesema jambo la ajabu, ingawa nitamrudia baadaye, kwa sababu swali lake lilikuwa na mkia.

Sasa tuje kwenye ukavu wenyewe, ambao huwatia watu hofu kuliko machozi. Wengi wamenieleza kwa sauti ya chini kwamba walisimama mbele ya kumbukumbu ya maelfu ya watu waliokufa na hawakuhisi chochote, wakajiuliza kama wana kasoro. Jibu liko karibu nasi zaidi ya tunavyodhani. Msimu wa korosho unapofunguliwa, redio hutangaza tani zilizouzwa mnadani, na sijawahi kumwona mkulima wa Newala au wa Nachingwea ambaye tani hizo zimemfanya acheke au alie. Anachokiona yeye ni magunia yake sita yaliyopo ghalani, na ukimnyang'anya gunia moja atalisema mpaka kizazi cha tatu. Tani ni za serikali na wafanyabiashara. Gunia ni la mtu. Akili ya binadamu imeumbwa kwa kipimo cha gunia. Paul Slovic, mtafiti wa saikolojia wa Marekani, ametumia miaka mingi kuchunguza jambo hili, naye anaonyesha kwamba huruma haiongezeki kadiri idadi ya wanaoteseka inavyoongezeka. Mara nyingi hupungua, kana kwamba moyo unakufa ganzi.

Chukua takwimu za Maji Maji yenyewe. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa katika vita hivyo vya mwaka 1905 hadi 1907, na wanahistoria wa baadaye wamefikisha makadirio hayo hadi 300,000. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni watu 225,000, lakini je, msomaji amehisi tofauti yoyote alipotoka kwenye ya kwanza kwenda kwenye ya pili? Sasa chukua namba ndogo: mashujaa 67 wanaokumbukwa kuwa walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 na siku zilizofuata. Hiyo ni idadi ya watu wanaoweza kukaa kwenye basi moja la Mtwara kwenda Dar es Salaam, na ghafla tunaweza kuwaona. Kisha chukua mtu mmoja: Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, ambaye ana kaburi lake peke yake, na ambaye kichwa chake kinaaminika kuwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Hapo ndipo yule mama wa kwanza alipoanza kulia.

Wanaopanga makumbusho wanalijua hili vizuri, na kazi yao kubwa ni kutafuta gunia moja ndani ya tani. Hiroshima wameiweka baiskeli ya matairi matatu ya Shinichi Tetsutani, mtoto ambaye hakuwa ametimiza miaka minne bomu lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945. Baba yake aliizika pamoja naye uani, na baada ya miaka 40 ikafukuliwa na kukabidhiwa makumbusho. Kigali wana chumba cha watoto ambamo kila picha imeandikiwa mambo madogo, kama vile chakula alichokipenda mtoto huyo. Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, zimechongwa sanamu za watu waliosimama ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni, nawe huna namna ya kuwatazama ila kwa kuwainamia kutoka juu. Wengi wetu tuliokwenda Unguja tumepita pale. Nina hakika mchongaji alikusudia hivyo: kwamba mtazamaji ajikute amesimama alipokuwa akisimama mnunuzi, na kwamba kinachompata kisiwe huzuni tu bali pia haya.

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa vitu hivyo vimepangwa ili vituguse, basi machozi yanayotoka mbele yake ni ya kutengenezwa. Sikubaliani nao. Hata jeneza hupangwa, kitambaa huchaguliwa, na shehe au padri huchagua maneno. Hakuna anayesema kwamba kilio cha mazishini ni cha bandia kwa sababu mazishi yaliandaliwa. Linalofaa kuulizwa ni kama walioandaa wamesema kweli. Nalo ni swali zuri, na mgeni ana haki ya kumuuliza mwongozaji: hiki ni kifaa chenyewe au ni mfano wake? Hili limeandikwa au limesimuliwa? Kuuliza si utovu wa adabu. Ile nusu ya darasa ipo kwa ajili hiyo.

Nimetaja jeneza na mazishi, na hapa ndipo ningependa kukaa kwa muda, maana naona ndipo lilipo fundo lenyewe.

Katika mikoa yetu ya kusini msiba una kazi. Taarifa ikifika, turubai linafungwa, majamvi yanatandikwa, wanaume wanakaa nje na wanawake wanajaa ndani. Vijana wanakwenda kuchimba kaburi. Kuna anayeteka maji, anayekata vitunguu, anayeandika michango kwenye daftari, anayesimama barabarani kuwaelekeza wageni. Anayefika anajua la kusema, naye mfiwa anajua la kujibu. Kuna siku ya tatu, kuna khitma, kuna arubaini. Huzuni inawekewa tarehe, inagawanywa kama mzigo wa kuni, kila mtu anabeba kicha chake. Mtu anaweza kupitisha siku tatu za msiba bila kutoa chozi hata moja na asilaumiwe na yeyote, mradi alionekana jikoni au makaburini. Hatupimi moyo wake. Tunapima mikono yake.

Na zaidi ya hayo, tuna watani. Mtu wa kusini hahitaji kuelezwa, lakini kwa msomaji wa kwingine niseme kwamba katika misiba yetu mtani ana ruhusa ya kufanya yale ambayo kwa mwingine yangekuwa matusi: kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe, kumwigiza marehemu anavyotembea, kuwakejeli wafiwa kwa kulia vibaya. Watu wanacheka huku mashavu yamelowa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtani hana heshima kwa marehemu. Kila mmoja anajua kwamba kicheko hicho kimewekwa mahali pake na wazee walioelewa kwamba uchungu ukifungiwa sana hupasua chungu.

Sasa mpeleke mtu huyohuyo kwenye makumbusho ya maafa. Hakuna mfiwa wa kupewa pole. Hakuna sufuria ya kukoroga. Hakuna jamvi, hakuna daftari la michango, hakuna mtani. Kuna maandishi ukutani, kuna mikuki na bunduki, kuna mwongozaji anayesimulia, na kuna mgeni mwenye mikono mitupu. Ameingia kwenye msiba mkubwa kuliko wowote aliowahi kuhudhuria, naye hakupangiwa kazi. Huzuni isiyo na kazi ya kufanya hutafuta mlango, na hutokea popote ilipopata upenyo: kwa mmoja machozi, kwa mwingine ganzi, kwa mwingine hasira kwa mwongozaji, kwa mwingine kupiga picha kila kitu bila kukitazama, na kwa yule binti kicheko. Alinieleza mwenyewe kwamba hakuona jambo lolote la kuchekesha; kicheko kilimtoka kama chafya, na kadiri alivyojizuia ndivyo kilivyozidi. Angekuwa mtani msibani angepewa mchele. Kule makumbusho aliambiwa hana adabu.

Ukilitazama jambo hili kwa jicho hilo, utaelewa pia kwa nini baadhi ya wageni wazee huvua viatu kando ya makaburi ya aina hii, au hunong'ona dua, au huokota jani na kuliweka juu ya jiwe. Vijana huwaona kama watu wenye ushirikina, na wengine hudai kwamba kugusa chochote mahali pale ni kujitafutia mizimu. Sioni haja ya kuingia kwenye ubishi wa imani. Ninachokiona ni watu waliokosa kazi ya msiba, wakajitungia.

Kuna hoja nyingine iliyotolewa dhidi ya yule mama aliyelia: si ndugu zake. Hoja hii inadhani kwamba huzuni hufuata ukoo, kama shamba la mikorosho linavyorithiwa. Ukweli ni kwamba msiba mmoja hufungua mlango wa mwingine, na kila aliyewahi kufiwa anajua kwamba kwenye matanga ya jirani kuna wanaomlilia marehemu wao wenyewe. Niliongea na mama huyo baada ya wiki mbili. Kaka yake alikwenda kuvua upande wa Msimbati miaka mingi iliyopita na hakurudi. Chombo kilionekana, yeye hakuonekana, na familia ilisoma dua bila kaburi. Mwongozaji aliposema kwamba Nduna Songea alizikwa bila kichwa na kwamba wazao wake wanakidai hadi leo, alichokisikia yeye ni kwamba kuna watu wengine pia ambao hawajamaliza kuzika. Hakuwa akijifanya Mngoni. Wala hakuwa amewasahau Wangoni kwa kumkumbuka kaka yake. Mambo hayo mawili yalikuwa yameshikana, na sidhani kama yeye mwenyewe angeweza kuyatenganisha.

Kuna huzuni nyingine isiyo na machozi wala kicheko, nayo ni ile ya mtu ambaye hajui asimame upande gani. Sisi wa kusini tuna sababu za kuifahamu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa waliotolewa pande za Ziwa Nyasa, na Mikindani nayo ilikuwa na sehemu yake katika biashara hiyo. Misafara ilipita katika ardhi hii hii. Ina maana kwamba katika mitaa yetu leo wamo wajukuu wa walionunua, wa waliouzwa, wa waliobeba pembe za ndovu na wa waliowafungulia wasafiri milango, na kwa kuwa watu wameoana kwa zaidi ya miaka 100, mtu mmoja anaweza kuwa na damu ya wote hao. Vivyo hivyo kwa Maji Maji: askari wengi waliokuwa chini ya maofisa wa Kijerumani walikuwa Waafrika, na upande wa pili, waliouawa hawakuwa wapiganaji peke yao. Tarehe 14 Agosti 1905, katika njia ya kuelekea Liwale, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, wawili kati yao watawa wa kike, waliuawa na wapiganaji. Makumbusho yanayosema kweli hayawezi kumpa kila mgeni nafasi safi ya kusimama. Anayetoka akiwa ametahayari bila kujua kwa nini, pengine ndiye aliyesikiliza vizuri zaidi.

Ni kwa sababu hiyo sikubaliani na dai kwamba mahali pa namna hii hupandikiza chuki, na kwamba ingekuwa heri tuyaache yaliyopita. Hasira huwapo, ndiyo, na mtu asiyekasirika anaposikia kwamba watu walinyongwa kwa makundi labda hakusikia. Lakini hasira juu ya tendo si sawa na chuki juu ya watu. Chuki hustawi zaidi kwenye masimulizi yasiyo na majina wala tarehe, ambamo adui hana sura na kila anayefanana naye anaweza kubandikwa kosa. Nimeona Wajerumani vijana wakisimama kimya kwenye makaburi hayo, na wenyeji wakiwaeleza bila kupandisha sauti.

Kuhusu watoto, nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe si gumu. Kuna wazazi wanaodhani mtoto akionyeshwa kila kitu mapema atakuwa jasiri, na wengine wanaodhani asionyeshwe kabisa. Makumbusho makubwa duniani yameweka mipaka: lile la Maangamizi ya Wayahudi la Washington linashauri maonyesho yake makuu yatazamwe na walio na miaka 11 na kuendelea, la Yad Vashem, Jerusalem, haliwaingizi watoto wa chini ya miaka 10 kwenye jengo la historia, na la Auschwitz nchini Polandi halipendekezi watoto wa chini ya miaka 14. Makumbusho yetu mengi hayana picha za kutisha kiasi hicho, hivyo sitaki kuzinakili namba hizo kama sheria. Ninachowaomba walimu wanaopakia wanafunzi mabasini ni kwamba wawaeleze kabla ya kufika watakachokikuta, na wasiwape kazi ya kuandika insha usiku huohuo. Mtoto aliyeulizwa "ulihisi nini?" kabla hajalala atajibu anachodhani mwalimu anakitaka.

Watu huniuliza pia kwa nini safari ndefu ya Songea iwaguse watu wetu kuliko mahali palipo karibu. Vita vile havikuanzia Songea. Vilianzia Nandete, katika milima ya Umatumbi wilayani Kilwa, ndani ya mkoa huu wa Lindi, Julai 1905, wakulima walipong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji yaliyoaminika kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, wakati vita vikiwa vimeanza tu. Pale Nandete pana mnara. Kilwa Kivinje pana Mwembe Kinyonga, mahali anapokumbukwa Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji. Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, yako makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji miaka ya 1980. Tofauti ni kwamba Naliendele bado wapo wafiwa walio hai, wajane na watoto wa marehemu, kwa hiyo anayefika pale anapata mtu wa kumpa pole, na msiba unakuwa na mwenyewe. Nandete hapana mjane wa mwaka 1905. Mnara husimama, mbuzi hujikuna, na asiyesimuliwa na mtu hupita. Jiwe peke yake halikumbushi, linahitaji mdomo. Wazee wachache wa Kimatumbi waliorithi simulizi hizo ndio makumbusho yenyewe, kwa maana ile ya asili ya neno, na kila mwaka tunawazika kadhaa.

Niliahidi kumrudia yule mama mkavu. Wenzake walikuwa wamekwisha kumsema vya kutosha alipokuja nyumbani siku moja, karibu mwezi mmoja baada ya safari, tukaketi barazani tukibangua korosho alizoleta. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, bila kuinua macho kwenye kazi yake, wale mashujaa 67 walipokwisha kunyongwa wake zao walikula nini. Nilimweleza ninayoyajua: kwamba wengi wa waliokufa katika vita vile hawakufa kwa risasi wala kwa kamba, bali kwa njaa; kwamba chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen vijiji vilichomwa, maghala yakatiwa moto na mashamba yakaharibiwa kwa makusudi ili watu wasalimu amri; kwamba njaa hiyo iliendelea hata baada ya mapigano kwisha. Akasikiliza. Akasema kwamba tangu siku ile Songea kila akipakua chakula anaona kama kuna mtu amesimama mlangoni, na kwamba ndiyo maana aliuliza saa ya kula. Alitaka kujua kama kitatosha. Kisha akaniambia kwamba bibi yake alipokuwa hai hakuruhusu maganda ya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu kusini, yatupwe kabla mchana haujaisha, na kila walipomuuliza sababu alijibu tu kwamba kuna mwaka watu waliyatafuta.